Alama Nne za Mbung'o

Pu! Kimya kidogo. Pu! Pu! Kisha mkia ukachapa ubavu, na pu nyingine ikafuata, kama mtu anayetwanga bila kujua kutwanga.

Ussi alivuta shuka akaziba masikio. Alikuwa amelala ukumbini katika nyumba ya bibi yake, Bimkubwa, hapo Ndagoni, kisiwani Mafia, na kishindo kile kilitoka zizini nyuma ya nyumba. Ng'ombe walikuwa wakipiga kwato chini tangu alfajiri. Alipoona usingizi haurudi, alijifunga shuka kiunoni, akatokea mlango wa uani, akasimama mbali kidogo ili miguu yake isiguse samadi.

Ng'ombe wanne wa bibi yake walikuwa wamegandwa na nzi miguuni, kuanzia kwato hadi magotini. Hawakuwa nzi wa kutembeatembea tu juu ya ngozi. Walikuwa wakiuma, na kila mmoja alipouma, ng'ombe aliinua mguu akaubwaga chini. Binamu yake Kidawa, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe mweusi aliyeitwa Marashi, akikamua huku akikwepa mateke.

"Leo umeamka kabla ya jua, msomi," Kidawa alisema bila kugeuka. "Au umeota umerudi skuli?"

"Hawa ng'ombe wenu hawana adabu."

"Wenu! Ukinywa maziwa ni wetu, wakikuamsha ni wenu."

Ussi aliona si hadhi yake kubishana na mtu mwenye samadi vidoleni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa miaka miwili alikuwa akisoma katika skuli ya serikali, ng'ambo ya pili, kisiwani Chole. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa Ndagoni kuandika kwa herufi za Kizungu, na hakumwacha mtu yeyote asahau jambo hilo. Wavuvi aliwaita watu wa chumvi. Wanawake waliofukia makumbi ya nazi ili wapate nyuzi za kusokotea kamba aliwaita watu wa matope. Bibi yake alihitimu Kurani akiwa mdogo, na aliandika barua zake kwa herufi za Kiarabu, lakini Ussi alisema huko si kusoma, ni kukumbuka tu. Aliyasema hayo mbele ya wageni. Bimkubwa alimtazama mara moja, akaendelea kupepeta mchele.

Likizo hii alikuwa na sababu mpya ya kujivuna. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya ile nyota yenye mkia kuonekana angani. Serikali ya Mdachi, yaani Mjerumani, ilikuwa imepata habari kwamba ng'ombe mmoja amekufa Ndagoni na wengine wanakonda, ikaingiwa na hofu. Bara, upande wa Rufiji, kulikuwa na mbung'o, yule nzi anayewaambukiza ng'ombe ugonjwa unaowakondesha mpaka wafe. Mafia hawakuwapo. Je, kama walikuwa wamevuka pamoja na mifugo iliyoletwa kwa majahazi?

Siku ya kufunga skuli, Mwalimu Jabir alimwita Ussi. Alimpa kioo cha kukuzia na karatasi ngumu yenye picha tatu zilizopigwa kwa mashine.

"Hizi ni picha za nzi wanaofanana," Mwalimu alisema. "Wa kwanza ni nzi wa nyumbani. Wa pili ni nzi wa zizini. Wa tatu ni mbung'o. Mpiga picha amewakuza mpaka wakalingana, kwa hiyo usitazame ukubwa. Tazama alama nne. Mdomo: ni laini wa kulamba, au ni sindano ya kuchomea? Tumbo: lina madoa, au lina mistari? Mabawa: nzi akitua, yanakaa vipi? Na ndani ya bawa, je, mishipa imechora umbo la kishoka, au hakuna kishoka? Alama nne, Ussi. Moja haitoshi. Kisha uniletee mimi nzi wenyewe pamoja na maelezo yako. Usimwandikie mtu mwingine."

"Nimesikia, Mwalimu."

Kweli, alikuwa amesikia. Masikio yake hayakuwa na ubovu wowote.

Basi asubuhi ile, pale zizini, alikumbuka kazi yake. "Nikamatie nzi mmoja," alimwamuru Kidawa.

Kidawa alipiga kofi mguuni kwa Marashi, akamletea nzi kwenye kiganja. Ussi alimshika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika uchafu, akamweka kwenye jani, akamtazama kwa kioo. Mdomo wake ulikuwa sindano nyeusi, imeelekea mbele. Aliitazama karatasi. Nzi wa kwanza hakuwa na sindano. Wa tatu alikuwa nayo! Macho yake yaliiruka ile picha ya pili kama mtu anavyoruka dimbwi.

"Mbung'o!" alipiga kelele. "Nilijua!"

Kidawa alisogea. "Mbona huyu wa katikati naye ana sindano?"

"Rudi nyuma na mikono yako hiyo, utachafua karatasi ya serikali."

"Na huyu wetu akitua, mabawa yake yanatanuka. Mjomba Muhidini alipokwenda Rufiji alisema mbung'o hufunga mabawa, moja juu ya jingine, kama makasi yaliyofumbwa."

"Muhidini!" Ussi alicheka. "Muhidini anajua kusoma?"

"Anajua kuumwa."

"Basi tazama hapa, wewe na Muhidini wako." Alimwonyesha picha ya tatu kwa kidole. "Haya mabawa yamefumbwa? Yametanuka pande zote mbili. Picha haisemi uongo. Anayesema uongo ni Muhidini."

Kidawa alitazama. Kweli, mabawa ya mbung'o wa kwenye picha yalikuwa yametanuka. Alikunja uso. "Basi picha yenu imekosea," alisema, akarudi kukamua.

Ussi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Picha iliyotoka Ulaya imekosea, na msichana wa Ndagoni ndiye anayejua! Alikwenda kukaa barazani na kalamu yake, na wazo jingine likamjia. Akimpelekea Mwalimu Jabir nzi hao, Mwalimu ndiye atakayesifiwa. Kwa nini asimwandikie Akida mwenyewe? Akida Awadh ndiye aliyekuwa mtu wa serikali upande ule wa kisiwa, na neno lake lilifika bomani Chole siku hiyo hiyo.

Aliandika kwa mwandiko mzuri, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kweli: "Kwa Akida Awadh. Nimewachunguza nzi wa Ndagoni kwa kioo. Nimetazama alama zote nne. Nina hakika ni mbung'o. Mimi, Ussi bin Shaabani, mwanafunzi."

Alikuwa ametazama alama moja. Nyingine tatu aliziandika kwa sababu maneno "zote nne" yalipendeza kwenye karatasi. Wala hakukanyaga nyumbani kwa Muhidini, nyumba nne tu kutoka kwao, kuuliza yule ng'ombe wake aliyekufa alikufaje. Angewezaje kumuuliza mtu asiyejua kusoma?

Siku tano baadaye mpiga mbiu alipita kijijini. Kila mwenye ng'ombe awapeleke asubuhi ya Alhamisi kwenye zizi la Muhidini, karibu na pwani. Ng'ombe wote wa Ndagoni, ishirini na mmoja, watapigwa risasi na kuchomwa moto ili mbung'o wasieneze ugonjwa kisiwa kizima. Ndiyo amri ya boma. Na yule kijana aliyeandika barua aje na karatasi yake, atakaa karibu na Akida.

Wanawake waliacha vinu. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu waliduwaa. Ndagoni, ng'ombe hawakuwa wa maziwa tu. Walikula majani chini ya minazi wakaacha shamba safi, na samadi yao ndiyo iliyoilisha minazi. Walikuwa mahari ya vijana na karamu za harusi. Na Ussi, Mungu amsamehe, jambo la kwanza alilolifikiria ni kanzu gani atavaa.

Bimkubwa alimkuta anaitafuta kanzu hiyo sandukuni.

"Na wetu?" aliuliza.

"Wetu pia, bibi. Ugonjwa hauchagui."

"Una hakika ni mbung'o?"

"Nimeandika, bibi."

"Sikukuuliza umeandika nini."

Ussi alifunga sanduku kwa kishindo. "Hamwezi kuyaelewa mambo haya," alisema. Bimkubwa hakumkemea. Alitoka nje, na hilo lilimkera Ussi kuliko kukemewa.

Jumatano mchana Kidawa alimfuata barazani. Mkononi alikuwa na chupa nyeupe iliyofunikwa kitambaa, na ndani ya chupa mlikuwa na nzi saba, wazima, wanatambaa kwenye ubavu wa chupa.

"Siku ile ulimtazama mfu mmoja niliyempiga kofi," Kidawa alisema. "Hawa wako hai. Watazame wametua. Au unaogopa?"

"Nikuogope wewe?"

"Mimi sina haja ya kuogopwa. Kesho Marashi anapigwa risasi kwa ajili ya barua yako, na wewe hujui hata nzi anavyokaa. Mtu mzima mwenye kioo!"

Ussi aliinyakua chupa, ili tu amnyamazishe. Aliweka karatasi juani, akashika kioo, akatazama. Nzi mmoja alikuwa ametua. Mabawa yake yalikuwa yametanuka nyuma, yameacha nafasi katikati. Tumbo lake lilikuwa la kijivu, lenye madoa meusi. Alitazama picha ya tatu: tumbo la mbung'o halikuwa na madoa, lilikuwa na mistari. Alitazama picha ya pili, ile aliyoiruka. Tumbo la kijivu. Madoa meusi. Sindano mbele.

Lakini mabawa? Mabawa ya mbung'o yalitanuka pia, si alimwonyesha Kidawa kwa kidole chake mwenyewe? Alisogeza kioo karibu na picha ya tatu, na sasa akaona kitu kidogo cheusi juu ya kifua cha mbung'o, na vingine viwili kwenye mabawa. Vilikuwa vichwa vya pini. Na chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo za Kizungu, kulikuwa na mstari mmoja ambao hakuwa ameusoma: "Nzi hawa wamekufa, na mabawa yao yametandazwa kwa pini ili yaonekane vizuri."

Aliusoma mara tatu. Yeye aliyekicheka kijiji kizima kwa kutojua kusoma, alikuwa na mstari mmoja wa kusoma, na hakuusoma.

"Imeandikwa nini?" Kidawa aliuliza.

Ussi alimtoa nzi mmoja, akalitandaza bawa lake kwenye jani, akakitafuta kishoka. Kwenye picha ya tatu kilionekana wazi katikati ya bawa, kichwa na mpini, kama kishoka cha mchonga mitumbwi. Kwenye bawa la nzi wa Ndagoni hakikuwapo. Alitafuta kwenye bawa la pili. Hakikuwapo. Alitafuta kwa nzi mwingine, na mwingine, mpaka akamaliza wote saba.

"Imeandikwa nini?" Kidawa alirudia.

"Nenda zako."

Kidawa alimtazama kwa jicho la dharau ambalo Ussi alilijua vizuri, kwa kuwa lilikuwa lake. "Nimeshajua," alisema, akaenda zake.

Na sasa, msomaji, sikia jinsi kiburi kinavyofikiri kikiwa kimebanwa. Ussi alijiambia kwamba majivu hayasemi. Ng'ombe wakishachomwa, na nzi wakishapungua, watu watasema barua ilikuwa ya kweli. Anayejua ni Kidawa peke yake, na nani atamsikiliza Kidawa? Lakini akisimama mbele ya watu akasema amekosea, Mwalimu atamwondoa skuli, na watu wa chumvi na watu wa matope watamcheka mpaka azeeke. Alifikiri hivyo muda mrefu, na kila alipolifikiri aliliona ni jambo la busara.

Alipokwenda uani kunawa uso, alimkuta bibi yake amepiga magoti zizini. Alikuwa na kifuu cha mafuta ya nazi, akimpaka Marashi miguuni polepole, ili nzi wasimpate.

"Bibi, mbona unampaka mafuta ng'ombe atakayekufa kesho?"

"Nzi hawajapata habari kwamba atakufa kesho," Bimkubwa alisema. "Leo bado wanamuuma."

Ussi alisimama na maji yakimchuruzika usoni.

"Bibi," alisema mwisho. "Nimeandika uongo. Si mbung'o. Nilitazama alama moja nikasema nimetazama nne."

Mkono wa Bimkubwa ulisimama, kisha ukaendelea kupaka. "Usiniambie mimi," alisema. "Mimi si Akida."

Alhamisi asubuhi watu wote wa Ndagoni walikuwa kwenye zizi la Muhidini. Ng'ombe ishirini na mmoja walisongamana ndani, wakipiga kwato. Kuni zilikuwa zimepangwa. Askari wawili walisimama na bunduki. Akida Awadh alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli, na kando yake palikuwa na kigoda kitupu. Mwalimu Jabir alikuwa amevuka kutoka Chole, akafuatana na Akida. Alisimama wima, hakumtazama Ussi hata mara moja.

Ussi alikuja na karatasi, kioo na ile chupa, ambayo Kidawa alikuwa ameijaza nzi wengine alfajiri bila kuombwa. Hakuvaa kanzu mpya.

"Shikamoo, Akida."

"Marahaba! Huyu ndiye mtaalamu wetu. Njoo ukae."

"Sitakaa, Akida. Barua yangu ni ya uongo."

Aliendelea palepale, kwa kuwa alijua akinyamaza hataanza tena. "Niliandika nimetazama alama nne. Nilitazama moja. Jana nimetazama zote. Hawa si mbung'o, ni nzi wa zizini. Ng'ombe hawana haja ya kuuawa."

Akida Awadh alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Juzi ulikuwa na hakika ni mbung'o," alisema. "Leo una hakika si mbung'o. Keshokutwa utakuwa na hakika ni kuku?"

Baadhi ya watu walicheka. Mzee Muhidini, mwenye zizi, alitema mate chini. "Mrudisheni skuli akamalize kujifunza kuhesabu," alisema. "Moja na nne zimemshinda."

Masikio ya Ussi yaliwaka moto. "Usiniamini, Akida," alisema. "Sistahili kuaminiwa. Tazama mwenyewe."

"Mimi? Akida mzima nikae natazama nzi?"

"Akida mzima ametoka nyumbani kwake kuja kuua ng'ombe kwa sababu ya nzi," Mwalimu Jabir alisema kwa upole. "Kumtazama nzi huyo si kazi kubwa zaidi." Alitoa mfukoni kibweta kidogo cha mbao, akakifungua. Ndani mlikuwa na nzi mmoja wa hudhurungi, amechomwa pini, mabawa yake yamefumbwa moja juu ya jingine. "Huyu ni mbung'o wa kweli, kutoka Rufiji. Nimekuja naye kwa sababu barua ilinipita, nami sikuipenda barua inayonipita."

Akida alisita. Kisha aliinuka, akachukua kioo. Alimtazama mbung'o wa kwenye kibweta muda mrefu, jicho moja limefumbwa. Mwalimu alilivuta bawa moja kwa ncha ya sindano likatandazika.

"Naam," Akida alisema. "Kishoka. Tena kina mpini wake."

"Sasa wa kwenye chupa."

Akida alitazama. Alitazama bawa, akatazama tumbo, akarudi kwenye bawa. Mwisho aliinama mwenyewe mpaka kwenye miguu ya ng'ombe, mwavuli ukaanguka, akawatazama nzi walivyotua pale. "Hapana kishoka," alisema. "Na mabawa yametanuka." Alijinyoosha, uso wake umebadilika. "Na yule ng'ombe aliyekufa?"

"Alikuwa wangu," Muhidini alisema. "Alivunja ua akala maganda ya muhogo mchungu. Alikufa kabla ya adhuhuri, tumbo limevimba kama ngoma. Ndagoni nzima inajua."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Huyu msomi wenu alikuwa akipita mlangoni kwangu ameziba pua."

Akida Awadh aliwapa askari ishara, wakashusha bunduki. Alisema ataandika bomani kwamba amri isitishwe, na kwamba nzi wa kwenye chupa wapelekwe kwa daktari wa mifugo. Siku kumi baadaye jibu la daktari lilifika, likasema vilevile: nzi wa zizini, hakuna mbung'o. Lakini asubuhi ile watu hawakungoja daktari. Walikuwa tayari wanafungua zizi, na Bimkubwa alikuwa ameweka mkono shingoni mwa Marashi.

"Bado kuna jambo," Mwalimu Jabir alisema. "Nzi hawa hawaleti ugonjwa wa mbung'o, lakini wanawanyima ng'ombe raha ya kula, ndiyo maana wamekonda. Wanazaliwa wapi?"

Hakuna aliyejua. Mwalimu alichukua fimbo, akaenda kwenye chungu la samadi na majani kando ya ua. Watu wa Ndagoni walikuwa na desturi ya kuzoa majani ya baharini yaliyotupwa pwani na bamvua, yale maji makuu, wakayarundika kando ya zizi pamoja na samadi na makombo ya nyasi, yaoze yawe mbolea ya minazi. Chungu la Muhidini lilikuwa refu kama mtu. Mwalimu alilifukua kwa fimbo, mvuke ukatoka, na ndani funza weupe wakajipinda kwa mamia.

"Mmewajengea nyumba wenyewe," alisema, "tena yenye joto na chakula, hatua tatu kutoka kwenye miguu ya ng'ombe. Mbolea ni njema. Lakini isikae hapa ikaoza ikiwa mbichi. Itandazeni juani ikauke, kisha ipelekeni mashambani."

Halafu alimgeukia Ussi, na watu wakasogea kusikiliza, kwa kuwa wote walitaka kuona msomi akipewa haki yake.

"Nirudishie kioo," Mwalimu alisema. Ussi alimpa. "Nilikupa kazi kwa sababu unajua kusoma. Binamu yako hajui kusoma, lakini hakusema ameona jambo asiloliona. Wewe unajua kusoma, na uliandika umeona jambo usiloliona. Kati yenu wawili mjinga ni nani? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Elimu si kalamu wala karatasi ya picha, Ussi. Ni kutazama mpaka mwisho, kumuuliza anayejua hata kama miguu yake ina matope, na kuandika ulichokiona tu, hata kikiwa kidogo. Ukikosea, useme siku ile ile. Umesema leo, na ndiyo maana sikufukuzi. Ungesema kesho, ingekuwa umesema mbele ya majivu."

Ussi aliinamisha kichwa. "Nimefahamu, Mwalimu."

"Tutaona," Mwalimu alisema, akaondoka.

Kwa watoto wa Ndagoni haikuwa imekwisha. Hata kabla ya mchana walikuwa wamekwisha mtungia wimbo, na walimfuata nao njia nzima:

"Ussi mwana wa kalamu,
Nzi hakumfahamu,
Kaandika kwa wazimu,
Ng'ombe nusura kuchinjwa!"

Zamani angewarushia mawe. Leo aliwaacha waimbe. Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba wimbo ulikuwa na mizani sawasawa, na waliotunga hawakuwahi kukanyaga skuli. Kidawa alikuwa akiwaitikia kwa kupiga makofi.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, Ussi alikwenda kwa kila mwenye ng'ombe akaomba radhi mlangoni. Wengine walimsamehe, wengine walimfungia mlango. Wa mwisho alikuwa Mzee Muhidini. Alikuwa amekaa kando ya chungu lake kubwa, akilitazama kama adui asiyejua aanze kumpiga wapi. Ussi alikuwa na jembe begani na pakacha mkononi.

"Umekuja kuandika?" Muhidini aliuliza.

"Shikamoo, Mjomba. Nimekuja kubeba."

"Marahaba. Kubeba nini? Hili? Lina funza. Lina samadi. Litakushika mpaka kwenye mapaja, msomi."

"Najua."

"Utabeba mapakacha mawili, kisha utakwenda kumwandikia Akida kwamba umebeba mia." Watoto waliokuwa wamekusanyika walicheka. Muhidini aliwanyooshea mkono wasogee. "Njooni, msikie. Na wewe, mimi sitaki karatasi yako, nataka kinywa chako. Sema hapa, kwa sauti, mbele ya hawa wanaokuimba."

Ussi aliweka pakacha chini. Aliwatazama watoto, akamtazama Kidawa aliyesimama nyuma yao amekunja mikono, kisha akamgeukia Muhidini.

"Mjomba Muhidini," alisema kwa sauti iliyofika mpaka majumbani, "mimi Ussi bin Shaabani nitabeba majani haya kila siku baada ya sala ya alfajiri, mpaka uone mchanga chini yake. Na siku nitakayokwambia yamekwisha, usinikubalie mpaka uje utazame mwenyewe."